Mvua Tuliyoiomba

Mimi sina dogo. Uliza mtu yeyote hapa Chundwa, atakwambia: Mardhiya binti Harith akikukosa asubuhi, adhuhuri atakupata. Nimegombana na wenye punda wanaowaachia wanyama wao kwenye shamba langu, nimegombana na chifu mbele ya askari wake, na marehemu mume wangu nilimgombeza hata siku aliyokufa, Mungu amrehemu, kwa kuwa alikwenda bila kuniambia alikoiweka hati ya shamba. Kwa hiyo nikikwambia kuna neno nililimeza miezi sita, nikalala nalo na kuamka nalo, ujue halikuwa neno dogo.

Nyuma ya mji wetu, ukishayapita mashamba, kuna kiwanja kilichozungushiwa seng'enge. Ndani mna dishi. Si dishi la kutazamia mpira, la! Hili watu wanane wakishikana mikono hawalizunguki. Kando yake pana chumba cha mashine na jenereta, na mwangalizi ni mimi. Kazi aliianza marehemu. Alipofariki, kampuni ilimtuma injinia wao kutoka Nairobi, kijana mmoja jina lake Bramwel, aje atafute mwanamume mwingine. Nikamwambia, mwanangu, mume wangu alikuwa akilala, aliyekuwa akiwasha na kuzima ni mimi. Akanitazama, akanitahini siku nzima, mwisho akaniachia ufunguo.

Bramwel ndiye aliyenieleza ile kazi kwa maneno ya kueleweka. Huko juu, alisema, kuna vyombo vidogo vya angani vinavyozunguka dunia nzima kwa saa moja na nusu. Vinapiga picha bahari na misitu. Shida ni kwamba vinapita mbio. Kikishaona jambo mahali pasipo na kituo, hakina wa kumwambia mpaka kizunguke tena. Basi wakaweka setilaiti kubwa, juu zaidi, ambayo ukiitazama kutoka kwetu ni kama haiondoki mahali pake. Chombo kidogo kikiona kitu kinaipasia ile kubwa, na ile kubwa inakiteremsha kwenye dishi la Chundwa, hapo hapo, kabla hujakohoa.

"Hakuna kungoja, Bi Mardhiya," alisema. "Chombo hakibaki peke yake hata dakika moja."

Lakini kuna kasoro, na mimi sikuambiwa siku ya kwanza. Mawimbi yanayobeba mzigo mkubwa hivyo ni ya masafa ya juu sana, na masafa ya juu yana adui. Adui mwenyewe ni mvua. Mvua kubwa ikinya, matone huyanywa yale mawimbi njiani, yasifike. Ndiyo maana kampuni ilijenga vituo viwili, kimoja kikubwa kule kusini ya pwani na hiki chetu. Huku kukinya, kule hushika; kule kukinya, sisi hushika. Mle chumbani mna taa ndogo ukutani. Ikiwa kijani, tumeunganishwa. Ikiwa nyekundu, tumekatika. Elimu yangu yote ni hiyo.

Sasa nikwambie kuhusu kaka yangu. Abubakr ndiye imamu wetu. Kanizidi miaka minne. Tumetoka tumbo moja, ila ulimi wote niliuchukua mimi. Yeye huongea polepole na hajapata kumpandishia mtu sauti. Mkewe ni Radhiya, wifi yangu, ambaye tumetaniana na kununiana miaka thelathini na hatujachoshana. Walijaliwa mtoto mmoja tu, Nusra. Alisomea uuguzi, akapangiwa zahanati huko Kiunga, na kila akija alikuwa akipitia kwangu kwanza kabla ya kwenda kwao, kwa sababu kwangu kulikuwa na stima ya jenereta na angeweza kuchaji simu yake. "Shangazi, sikuja kukuona wewe, nimekuja kuuona waya," alikuwa akiniambia, na mimi nikimfukuza na ufagio.

Mwaka ule masika yalitukataa. Tangu Rajabu hatukuona tone. Visima vya ndani vilikauka, vya pwani vikazidi chumvi, na jabia la msikiti, lile birika kubwa tunamovunia maji ya mvua, ukitia ndoo unasikia imegonga sakafu. Punda wakaanza kufa njiani. Watoto wa madrasa wakawa wanazirai. Ndipo Abubakr akatangaza sala ya kuomba mvua. Kwetu sala hiyo haiendewi hivi hivi. Watu hufunga siku tatu, na katika siku hizo kila mwenye ugomvi humtafuta mwenzake akamwomba radhi, halafu siku ya nne mji mzima hutoka, wake kwa waume, na watoto, na mifugo, kwenda kusali uwanjani. Mimi, unavyonijua sasa, siku tatu hazikunitosha. Nilizunguka nyumba hadi nyumba miguu ikavimba.

Abubakr alimpigia Nusra. "Njoo, mwanangu, tusimame pamoja," alimwambia. Nusra akapanda boti ya Mahmud, nahodha wa Kizingitini, siku ya Jumatano baada ya adhuhuri, yeye na abiria wengine wawili.

Alasiri alimpigia mamake. Radhiya alikuwa jikoni kwangu, tunapepeta mchele wa futari, akaweka simu kwenye sauti ili nami nisikie.

"Mama, injini imezima. Maji yanaingia kidogo, lakini Mahmud anayateka. Mkondo unatuvuta nje." Kisha akasema, "Mwambie Baba asiwe na wasiwasi." Simu ikakatika na haikuita tena.

Boti za Kizingitini zilitoka, za Faza zikatoka, zikarudi magharibi mikono mitupu. Hawakujua mkondo umewapeleka upande gani. Bahari yote ile, utaanzia wapi? Nikafungua chumba cha mashine, nikampigia Bramwel.

"Kile chombo chenu kinachotazama bahari," nikasema. "Kigeuze kimtafute mtoto wangu."

"Bi Mardhiya, hakigeuzwi hivyo. Kuna ratiba, kuna wakubwa—"

"Hebu rudia? Miaka minne nalipangusa dishi lenu kama uso wa mwanangu, sijawaomba hata glasi ya maji. Waambie hao wakubwa Mardhiya anaomba. Waambie analia, kama watapenda."

Sikuwa nikilia. Bramwel alikuwa kijana mwenye utu. Alikata simu akaenda kuhangaika. Kabla ya isha alinipigia. Wakubwa wamekubali. Chombo kitapita juu yetu Alhamisi saa tatu kamili asubuhi, kitapiga picha bahari yote kutoka Kiunga mpaka nje ya Kiwayu, kitaipasia setilaiti kubwa, na picha itashuka kwangu dakika hiyo hiyo. Boti ya uokoaji itakuwa Kiwayu, injini ikiunguruma, inangoja kuambiwa iende wapi.

"Kuna jambo moja," akasema. "Kituo cha kusini mota yake imefunguliwa, iko katika matengenezo. Kesho ni wewe tu. Anga yenu ikoje?"

Nikatoka nje nikatazama. Nyota zote zilikuwa zimewaka.

"Hapa hakuna wingu tangu Rajabu," nikamwambia.

Sikumtajia sala. Wallahi haikunijia akilini. Tangu nipate akili zangu tumeomba mvua mara tatu, na haijapata kunya siku ile ile. Huja baada ya wiki, au mwezi, au haiji. Mtu anaposimama kumwomba Mola wake, hufikiri juu ya nia yake na kiu ya mji, hatazami saa. Nilikuwa na mambo mawili ya kuomba, mvua na Nusra, na nikayashika yote mawili kama mtu anavyoshika ndoo mbili.

Asubuhi wazee walimwendea Abubakr, wakamwambia, imamu, tuakhirishe sala, wewe una msiba. Nilikuwepo. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukesha.

"Si msiba bado," alisema. "Na mji umefunga siku tatu. Siwezi kuwaambia watoto wa watu wangoje na kiu kwa ajili ya mtoto wangu. Yeo ndiyo siku tuliyomwahidi Mungu."

Uwanja wa sala ni ule ulioungana na kituo changu. Wanaume mbele, wanawake nyuma, na safu ya mwisho ya wanawake imepakana kabisa na seng'enge. Mbuzi wanalia, watoto wanalia. Mimi nilisimama mlangoni mwa chumba cha mashine, jenereta inanguruma mgongoni, jicho moja kwenye taa ya kijani na jicho moja kwa kaka yangu. Alisalisha, akahutubu, kisha akageuza shali yake nje ndani, kama desturi, akawapa watu mgongo na kuelekea kibla, akainua mikono juu mpaka kwapa zikaonekana.

Abubakr haombi kwa kelele. Lakini siku ile sauti yake ilitoka mahali nisipopajua. Aliomba kwa ajili ya punda. Aliomba kwa ajili ya wanaonyonyesha. Hakumtaja Nusra hata mara moja, na kila mtu alijua kwamba hamtaji. Watu walilia kwa kwikwi. "Amina," tukaitikia. Nami nikaitikia, kwa sauti yote niliyo nayo, na huna haja ya kuambiwa kwamba ninayo.

Wingu lilitokea nyuma ya mikoko. Sikuliona likija. Nilisikia kwanza harufu, ile harufu ya vumbi lililorowa, nikageuka nikaliona jeusi limeinama juu ya mji. Watu walikuwa bado wameinua mikono. Tone la kwanza liliniangukia kwenye mkono, zito na baridi. Halafu ikamwagika yote kwa pamoja.

Sijapata kusikia vigelegele kama vile. Wazee walitupa kofia chini. Watoto walifungua vinywa wakanywa kutoka mbinguni. Abubakr alianguka kusujudu pale pale kwenye tope, na safu nzima ikaanguka nyuma yake.

Nikatazama ukutani. Taa ilikuwa nyekundu. Saa ilikuwa tatu kasoro dakika saba.

Simu ikaita. "Bi Mardhiya, mmekatika! Kuna nini?"

"Mvua," nikasema.

"Mvua? Si ulisema—"

"Mvua, Bramwel! Ondoa mvua hii!"

Nikatupa simu mezani, nikavua leso yangu ya juu, nikapanda ngazi ya dishi. Miaka hamsini na nne, magoti mabovu, nikapanda. Nikaanza kulipangusa. Napangusa hapa, panajaa. Napangusa pale, panajaa. Nilikuwa nalipangusa na kulitukana, nalipangusa na kulibembeleza, leso imelowa mpaka inamwaga. Nilisikia simu inaita mle ndani, nikashuka.

"Picha imepigwa," Bramwel alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayelia. "Iko juu. Iko pale juu inangoja. Uko wapi?"

"Nalipangusa dishi."

"Acha, Mama, utaanguka. Siyo maji yaliyo kwenye dishi. Ni mvua yote iliyoko kati yako na kule juu. Huwezi kuipangusa. Tungoje iache."

"Na nyinyi huko, hakuna dishi jingine?"

"Ya kuisikia setilaiti ile upande wetu huu ni hayo mawili tu."

Nikatoka mbio. Sitaficha: nilikwenda kumwambia kaka yangu amwombe Mungu aikate. Nilijua kwamba kama kuna mtu wa kusikilizwa asubuhi ile ni yeye. Nilipenya katikati ya watu wanaokumbatiana, watu ambao juzi hawakusemezana, nikamfikia. Alikuwa ndiyo kwanza anainuka kutoka sijida, tope limempaka paji lote, machozi na mvua vinamchuruzika ndevuni. Alinishika mikono yote miwili.

"Mardhiya," akasema, "dua imekubaliwa. Aliyetupa hili, na lile atatupa. Nusra atarudi salama, nina yakini sasa. Umeona?"

Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Ulimi huu huu usiojua kunyamaza! Nikautazama uso wake, nikaufyata.

"Nimeona, kaka," nikasema.

Nikarudi chumbani nikakaa chini sakafuni mbele ya ile taa. Nje walikuwa wakiimba. Mvua ilinya, ikanya, ikapungua nikainuka, ikarudi kwa nguvu nikakaa tena. Nilisoma kila aya ninayoijua. Saa tano kasorobo taa ikageuka kijani na picha ikashuka. Ilichukua muda mfupi kuliko kufungua kifungo. Bramwel aliisoma huko Nairobi: nukta nyeupe, peke yake, mbali nje ya Kiwayu, mahali ambapo hakuna hata boti moja iliyofikiria kutafuta. Alituma hesabu za mahali penyewe, na boti ya uokoaji ikaondoka.

Waliwafikia saa sita na nusu. Huko nje mvua haikunya, hata tone. Bahari ilikuwa shwari na jua kali. Boti ilikuwa imeshalala ubavu, na watu watatu wameng'ang'ania juu yake. Mahmud ndiye aliyesimulia. Maji yaliwazidi saa nne, boti ikapinduka. Nusra alikuwa na mtungi mtupu wa mafuta, akampa abiria mmoja asiyejua kuogelea, yeye akashika kamba. Alikuwa akiwahesabia pumzi, akiwaambia msiongee, hifadhini nguvu. Kisha mikono ikamchoka. "Nusu saa tu kabla hamjafika," Mahmud alisema, na akalirudia hilo kwa kila aliyemuuliza, mpaka nikatamani kumziba mdomo. Walimkuta hayuko mbali.

Tulimzika kabla ya magharibi. Wachimbaji walisema ardhi imelainika, alhamdulillahi, wiki iliyopita kaburi lingechukua siku nzima. Abubakr alimsalia mwenyewe. Hakutikisika.

Siku ya tatu ya matanga, baada ya khitma, alinijia uani. Alikuwa na swali, na nilikuwa nimelingoja.

"Mwasema chombo kiliwaona saa tatu," alisema. "Boti imeambiwa saa tano. Habari ilikuwa wapi saa zote hizo?"

Nilikuwa nimelifikiria jibu siku tatu. Ningemwambia ukweli, ningekuwa nimemwambia nini? Kwamba maneno yaliyotoka kinywani mwake ndiyo yaliyosimama kati ya bintiye na wokovu? Astaghfirullah, simlaumu Mungu, naye anajua kwamba simlaumu. Lakini kaka yangu namjua. Angelibeba hilo katika kila rakaa mpaka afe.

"Nilizima jenereta," nikasema. "Nilitaka kuisikia dua vizuri. Mvua ilipokuja nikachanganyikiwa na furaha, nikasahau kuiwasha."

Nilidhani atanipiga, na wallahi ningefurahi.

"Ulisahau," akasema.

"Nilisahau."

"Toka kwangu, Mardhiya."

Ndiyo mara ya kwanza maishani kusikia amepandisha sauti. Haikupanda sana.

Mji ulisikia, na mji ukanitenga. Nikipita, mazungumzo yanakatika. Watu niliozunguka kuwaomba radhi siku zile tatu waliitwaa tena radhi yao. Mtoto mmoja aliniita muuaji, mamake akamkanya kwa sauti ndogo sana. Mimi ambaye zamani ningempa vidonge vyake yeye na mamake na bibi yake, nilivuta buibui nikapita. Bramwel alipojua aliwaka. Alitaka kuja mwenyewe na karatasi za mashine, zinaonyesha dakika kwa dakika kwamba jenereta haikuzimwa. Nikamwambia, ukitia mguu Chundwa na karatasi zako nitazitia jikoni nipikie. Akasema, si haki, Mama. Nikasema, najua.

Aliyenijia siku ya arubaini ni Radhiya. Alikuja na sahani ya kaimati, kama zamani, akaketi kwenye mkeka wangu.

"Wifi," akasema, "mimi nilisimama safu ya mwisho. Seng'enge ilikuwa ikinigusa mgongo. Jenereta yako ilinguruma asubuhi nzima. Kwa nini umemdanganya mume wangu?"

Jamani, nimlaghai mama mzazi? Nikamwambia yote: taa, leso, ngazi, picha iliyokaa juu ikingoja. Alisikiliza bila kupepesa. Nilipomaliza kaimati zilikuwa zimepoa.

"Niliitikia amina kuwashinda wote," akasema. "Koo liliniuma siku mbili."

"Nami pia."

"Usimwambie," akasema. "Kamwe." Na hapo ndipo tulipolia, tumeshikana, mpaka majirani wakafunga madirisha.

Jabia la msikiti lilikuwa limejaa mpaka juu. Mji mzima ulikuwa ukinywa humo, maji matamu, baridi. Tangu siku ile Radhiya hakunywa. Alikuwa akishuka na ndoo mpaka kisima cha pwani, cha maji ya chumvichumvi, akajitekea ya kwake. Alimpikia mumewe kwa maji ya jabia, chai yake na wali wake, na yeye akajipikia kando. Miezi minne alifanya hivyo na Abubakr hakujua, maana mwanamume gani hutazama sufuria? Mpaka asubuhi moja akakosea kikombe. Alikunywa funda moja la chai ya mkewe, akaliteremsha, akauliza kwa nini chai hii ina chumvi wakati jabia limejaa. Radhiya hakujibu. Akauliza tena siku ya pili. Hakujibu.

Mimi sikujua habari hizo. Nilichojua ni kwamba siku moja ya mwezi wa Novemba, vuli imeanza na wingu limetanda, nilimwona kaka yangu anafungua lango la seng'enge. Miezi sita hakuwa ametia mguu pale. Akaingia chumba cha mashine bila hodi, akavuta mtungi mtupu, akaukalia.

"Kaka?" nikasema.

"Kaa," akasema. "Radhiya hanywi maji ya mvua ile. Wiki tatu nangojea siku ya mvua, nione inafanya nini humu."

Nikakaa. Nilielewa. Nikaanza kusema hili na lile, kwamba jenereta yataka mafuta, kwamba nina safari ya Amu. Hakunisikiliza. Alikuwa akiitazama ile taa ya kijani. Mvua ilianza juu ya mabati, kidogo kidogo, kisha kwa kishindo. Taa ikapepesa. Ikawa nyekundu.

Simu iliita, nikaizima.

"Hukaa hivyo muda gani?" akauliza.

"Mpaka mvua iache."

"Na siku ile jenereta haikuzimwa."

Sikuweza. Nilifungua mdomo kudanganya na mdomo ukakataa. "Haikuzimwa," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayehakikisha hesabu aliyokwisha kuipiga nyumbani.

"Niliposujudu pale kwenye tope," akasema, "wewe ulidhani nashukuru. Nilishukuru. Kisha nikaomba tena, Mardhiya. Nilisema, Rabbi, usiikate upesi. Nilisema hivyo mara tatu."

Hapo nilimgombeza. Sijui kilichonipata. Nikasimama nikamwambia anyamaze, kwamba hakujua, kwamba mji ulikuwa unakufa, kwamba mzee mzima na elimu yake yote anakaa juu ya mtungi kujichoma roho, kwamba Nusra angekuwepo angemcheka. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Aliniacha nimalize. Kisha akainuka, akaushika mkono wangu, akaubusu. Kaka yangu mkubwa, aliubusu mkono wangu kama mtoto.

"Nipe radhi," akasema.

"Nimekupa. Kabla hujaja nilikupa."

Akatoka, mvua ikimpiga, akenda zake kwa mwendo ule ule anaokwendea msikitini.

Ijumaa ile alisimama mbele ya watu akasema kwamba mimi sikuzima kitu siku ile, kwamba amenidhulumu, na mji umenidhulumu. Hakueleza zaidi, na kwa kuwa ni yeye, hawakuuliza. Watu wamerudi kunisalimu. Nami nimerudi kugombana nao.

Bado ni imamu wetu. Husalisha vipindi vitano, husoma kwa sauti ile ile. Lakini sala ikisha, anapogeuka kutuelekea na sisi tumeshainua mikono, humsifu Mungu, humshukuru kwa alichotupa, humsalia Mtume. Kisha hunyamaza, mikono yake iko mapajani, na haombi kitu. Watu hungoja kidogo. Sisi wanawake nyuma ya pazia tunakisikia kile kimya, na Radhiya, aliyeketi ubavuni mwangu, huitikia amina peke yake.